Hakuna Refa Uwanjani



Neno letu leo liko katika 2 Timotheo 2:5, pale Paulo anapomkumbusha Timotheo kwamba mwanamichezo hapewi taji asiposhindana kwa kufuata kanuni za mchezo. Andiko hili nimelihubiri mara nyingi, hasa kwenye semina za vijana. Na kila nilipolihubiri, kichwani nilikuwa na picha ya refa: mtu mwenye firimbi na kadi mfukoni, anayekimbia nyuma yako akingoja ukosee. Nilikuwa nawaambia vijana, "Mungu anakuona!" kwa sauti ya huyo refa. Leo nawaletea ushuhuda, na ushuhuda wenyewe haunipambi. Nawaomba msome hadi chini kabla ya kuandika Amina.

Julai 2024, mnakumbuka nilisafiri Uingereza kuhudumu kwa majuma mawili katika ushirika wa Wakenya walioko huko. Wengi wao ni wauguzi na watunza wazee, watu wa zamu za usiku. Nilikaa Birmingham, nyumbani kwa mama mmoja muuguzi aliyekulia upande wetu wa Magharibi. Asubuhi moja alirudi kutoka kazini macho mekundu, akaniambia, "Mchungaji, nisamehe, leo siwezi kukutembeza. Lakini huyu kijana atakupeleka mahali." Kijana ni mwanawe, miaka 15. Kiswahili chake ni cha kuomba chai na kuaga. Alikuwa na heshima, lakini niliona kabisa kwamba "mahali" alikuwa ameshapachagua yeye.

Alinipeleka kutazama frisbi.

Nilidhani ni ule mchezo wa kutupiana kisahani cha plastiki na mbwa akikimbilia katikati. Nikajiambia, haya, tumhurumie mtoto, tutakaa nusu saa. Tulipofika nikakuta viwanja vimepangwa kandokando, bendera za mataifa, mahema, makocha, vijana wamevaa jezi zenye majina ya nchi zao. Yalikuwa mashindano ya dunia ya timu za taifa za vijana wasiozidi miaka 20, wavulana na wasichana. Wengine walikuwa wametoka mbali kuliko mimi.

Acha niwaeleze mchezo wenyewe kwa haraka, maana bila hivyo hamtanielewa. Timu ina wachezaji saba uwanjani. Uwanja una urefu wa mita 100 na upana wa mita 37, na kila upande kuna eneo la goli lenye kina cha mita 18. Kisahani kina uzito wa gramu 175. Ukikishika huruhusiwi kukimbia nacho. Unasimama, mguu mmoja umepigiliwa chini, unatafuta wa kumrushia. Anayekukaba anakuhesabia kwa sauti, na akifika kumi bado hujakirusha, umekipoteza. Kikianguka chini, ni cha wapinzani. Mwenzako akikidaka ndani ya eneo la goli, mmepata pointi. Wa kwanza kufika 15 ndiye mshindi. Kumbe ni mbio kali, jamani. Wale watoto walikuwa wanaruka hewani na kulala mlalo kama makipa.

Baada ya dakika kama kumi nikamuuliza kijana, "Refa yuko wapi?"

"Hakuna, Pasta."

"Bado hajafika?"

"Hakuna. Ni wachezaji wenyewe."

Nikadhani ni Kiswahili chake kimemkwama. Nikamuuliza tena kwa Kiingereza, jibu likawa lile lile. Haya ni mashindano ya dunia, na ndani ya uwanja hakuna mtu wa firimbi. Aliyechezewa faulo anasema mwenyewe "faulo", mchezo unasimama, kila mtu anabaki pale pale alipokuwa. Yule anayelaumiwa anakubali au anakataa. Basi. Mchezo huu ulianzishwa na wanafunzi wa shule moja ya sekondari huko Maplewood, New Jersey, Marekani, mwaka 1968, na tangu siku za mwanzo waliuendesha hivyo. Mtu angefikiri ulipokua ungeajiri marefa kama mingine. Umekua, una shirikisho la dunia tangu 1985, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitambua tangu 2015, lakini mpaka leo kanuni yao ya kwanza ni kwamba mchezaji ndiye anayejisimamia. Wanaiita Roho ya Mchezo. Nilipoisikia hiyo nilitabasamu, nikamwambia kijana sisi Wapentekoste tukisikia "roho" tunasimama tuiulize imetoka wapi. Hakuelewa mzaha wangu, na hiyo ni sawa.

Msidhani nilikuta malaika. Kulikuwa na mechi ya wavulana kwenye uwanja wa jirani. Mmoja aliruka kudaka, mwingine akatokea nyuma yake, wakagongana mabega, kisahani kikaanguka. "Faulo!" Wa pili akatikisa kichwa. Wakaanza kuelezana, mikono ikienda juu na chini, kila mmoja akionyesha mahali aliporukia. Shingo ziliwasimama mishipa. Nikasema moyoni, sasa ndiyo tutaona hiyo Roho ya Mchezo. Lakini hawakuvutana hata dakika moja. Hawakukubaliana, na wakakubali kwamba hawakubaliani. Kisahani kikarudishwa kwa yule aliyekuwa amekirusha, wakaanza upya kana kwamba ule mrusho haukuwahi kutokea.

Wapendwa, hapo nilikaa nikawaza sana. Mimi nimewahi kuendesha vikao vinne vya kamati kuhusu spika moja iliyoungua. Vinne! Na shida yetu haikuwa spika. Shida ilikuwa kila upande ulitaka upande wa pili utangazwe mwongo mbele ya watu, ndipo waweze kulala. Wale wavulana hawakuhitaji mwongo. Walihitaji tu mahali pa mwisho ambapo wote wawili walikuwa bado wanakubaliana, wakarudi hapo.

Kijana alinieleza jambo jingine ambalo sikulipenda, na baadaye mtaona kwa nini. Katika mwenendo unaosifiwa kwenye mchezo huo ni hili: ukiona mwenzako wa timu yako ameita faulo isiyokuwepo, au amecheza faulo akanyamaza, ni juu yako kumwambia. Mwenzako, si mpinzani. Nikauliza, "Hata kama mnashindwa?" Akainua mabega, akajibu kwa Kiingereza, tafsiri yake ni kama "sasa utamwambia lini?"

Halafu tukahamia mechi ya wasichana. Sitataja nchi zao. Ni watoto wa wenyewe, na sikuwaomba ruhusa. Matokeo yalikuwa yanakaribiana, pointi zinafuatana moja kwa moja, na saa ilikuwa imekwenda. Msichana mmoja, mwembamba, nywele amezifunga kwa kitambaa, alianza kukimbia akielekea pembe ya mbali ya eneo la goli. Kisahani kikarushwa mbali, kikapinda hewani. Aliyekuwa anamkaba akateleza, akaanguka. Yule msichana akanyoosha mkono akiwa hewani, akakidaka kwa vidole, akatua. Upande wetu wa watazamaji ulilipuka. Wenzake walikuwa wameshaanza kumkimbilia.

Yeye akawa anatazama kiatu chake.

Katika mchezo huo mstari wenyewe ni nje. Ukitua na kisigino kwenye mstari, umetoka. Na panapokuwa na shaka, anayeamua ni mchezaji aliyeona vizuri zaidi. Sasa nani aliyeona? Mpinzani wake alikuwa amelala chini, uso kwenye nyasi. Wenzake walikuwa nyuma. Sisi tulikuwa upande wa pili kabisa. Aliyeona ni yeye peke yake. Akainua mkono kuwazuia wenzake wasimkumbatie, akaonyesha mstari, akasema neno moja. Kisahani akakiweka chini.

Kocha wake aliweka mikono yote miwili kichwani. Hakusema kitu. Wapinzani wakakichukua, na baada ya mirusho michache wakafunga wao.

Nataka niwe mkweli kwenu. Wazo langu la kwanza halikuwa la kiroho. Niliwaza: mtoto huyu angenyamaza. Nani angejua? Sikuwaza Zaburi ya 15, ingawa naijua, ile inayomsifu mtu ambaye hageuki hata neno lake linapomletea hasara. Niliwaza kama mtu wa kawaida anayetaka upande wake ushinde, na hata hawakuwa upande wangu.

Wazo la pili lilikuja nikiwa bado nimeshika kikombe cha kahawa, na nilikuwa nimelikimbia kwa miaka saba.

Baba yetu alilala 2009. Kabla ya hapo alikuwa ametugawia shamba, mimi na ndugu yangu mkubwa, wazee wakiwepo. Mpaka aliupanda mwenyewe kwa makonge kutoka barabarani hadi chini kwenye kijito. Hati hatujagawanya mpaka leo. Mirathi inakwenda polepole kama mnavyojua. Mwaka 2017 niliamua kuweka ua wa seng'enge. Kaka alikuwa Mombasa kazini. Makonge ya juu yalikuwa yamesimama vizuri, lakini kule chini yalikuwa yamekauka na kung'olewa na maji. Fundi aliniuliza, "Mchungaji, hapa tupitishe wapi?" Nilijua ni wapi. Nilikuwa nikichunga ng'ombe pale nikiwa mtoto. Najua mpaka wa baba ulipinda kuja upande wangu, ukiufuata ule mteremko. Nikanyoosha kidole hadi mvule ulio kando ya kijito, nikasema, "Nyoosha tu."

Maneno mawili. Sikudanganya mtu. Hakuna aliyeniuliza ukweli nikaukana. Kwa juu ua uko pale pale pa baba, lakini ukiteremka unazidi kuingia kwa kaka, mpaka kijitoni ni hatua tisa zangu. Hapo nilipanda nepia ya ng'ombe, na pale chini palivyo na unyevu, inakua kama imetukanwa.

Kaka alipostaafu akarudi nyumbani, alikuja siku moja akatembea kando ya ua mpaka chini, akarudi. Akaniambia, "Mchungaji, ua wako umenyooka sana." Nami nikamjibu, "Asante kaka, fundi alikuwa mzuri." Hajawahi kulitaja tena. Ila Krismasi iliyofuata alisema ana homa, na iliyofuata pia, na watoto wetu wakaanza kusalimiana kwa mbali kama watu wa makanisa tofauti. Mimi nikawa namwombea. Ndiyo, nilikuwa naenda mlimani kufunga na kuomba Mungu amguse ndugu yangu aondoe uchungu moyoni! Mke wangu ndiye mchezaji mwenzangu aliyeniambia. Aliniambia 2018, akaniambia tena mwaka uliofuata. Nilimjibu kwamba mambo ya mashamba ya ukoo hayajui vizuri, kwa kuwa amekuja kwa ndoa. Mama Mchungaji anasoma hapa. Nimemwomba msamaha nyumbani, sasa namwomba mbele yenu.

Na Mithali 22:28, lile onyo la kutoondoa alama ya mpaka waliyoiweka baba zetu? Nimelihubiri mara mbili nikiwa tayari na ua wangu. Moja ya mahubiri hayo iko kwenye ukurasa huu. Sijaifuta. Ujumbe ni wa kweli, aliyekuwa na shida ni mhubiri.

Nirudi Birmingham kidogo. Mechi ilipoisha, timu ya yule msichana ikiwa imeshindwa, nilitarajia kila timu iende hemani kwake. Badala yake walitengeneza duara moja, wakachanganyika, mpinzani kando ya mpinzani, mikono mabegani. Manahodha wakasema maneno. Walitaja mazuri, wakataja pia yaliyowaudhi, maana kijana alinitafsiria kwamba mmoja alilalamika kuhusu kusukumana mwanzoni mwa mechi. Kisha kila timu inakwenda kuipa nyingine alama kwa mambo matano: je, wanazijua kanuni na kuzitumia, je, wanaepuka faulo na kugusana, je, wana haki, je, wanajizuia na kuwa na moyo mwema, na je, wanazungumza vizuri. Kila jambo ni kuanzia sifuri hadi nne. Mbili maana yake ni kawaida, mchezo mzuri wa kila siku. Na wanajipa alama wao wenyewe pia. Mwishoni mwa mashindano kuna tuzo kwa timu iliyopata alama bora za Roho ya Mchezo. Kwa hiyo timu iliyopoteza karibu kila mechi inaweza kwenda nyumbani imebeba kitu.

Lile la kujipa alama ndilo lililonifuata mpaka kwenye ndege. Kama mtu angenipa ile karatasi mwaka 2017 aniambie nijijaze mwenyewe, ningejiandikia nne kote. Kanuni? Nne, nimesomea Biblia. Kugusana? Nne, sijamgusa mtu. Moyo mwema? Mimi ndiye ninayemwombea!

Ningependa kuwaambia kwamba nilitua uwanja wa ndege nikapiga simu. Sikupiga. Nilikaa miezi saba. Nilijipa sababu nzuri za kiroho: tulikuwa na kongamano, halafu mwaka mpya na mfungo, halafu nikasema nitasubiri Roho Mtakatifu anipe wakati. Roho alikuwa ameshanipa wakati kwenye nyasi za watu, nikiwa na kahawa mkononi. Nilikuwa nataka wakati ambao hautauma.

Kilichonisukuma ni ninyi. Mwezi wa pili ndugu wawili wa kanisa hili walinijia ofisini wakiniomba niwe msuluhishi wao kuhusu ploti. Sitasema zaidi juu yao. Walikaa mbele yangu, mmoja akasema, "Mchungaji, sisi tutakubali lolote utakalosema wewe." Niliwaambia wanipe wiki moja. Paulo anawauliza Wakorintho, katika waraka wa kwanza sura ya sita, kama kweli kati yao hakuna hata mmoja mwenye hekima ya kuamua kati ya ndugu, halafu anawauliza la kuuma zaidi: kwa nini msikubali kudhulumiwa? Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake kisha nikaketi kwenye kiti cha mwamuzi. Usiku ule nilimpigia kaka.

Nilimwambia, "Kaka, ule ua niliupitisha kwako. Nilijua."

Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, kwa msamaha, kwa wimbo wa kufunga ibada. Kaka akauliza, "Na nepia ya miaka saba?"

Wapendwa, hapo ndipo nilipogundua sikuwa nimetubu bado. Nilikasirika! Nilisema moyoni, mimi nimejinyenyekeza hivi, mtumishi wa Mungu, na huyu anahesabu nyasi. Kisha nikamkumbuka Zakayo katika Luka 19. Alipotubu alitaja hesabu kwa kinywa chake mwenyewe, kurudisha mara nne. Hakungoja kuulizwa. Mimi nilitaka kurudisha nguzo tu, na nishukuriwe kwa kuzing'oa.

Nilimwambia nitakuja. Nilikwenda, nikakuta ameita wazee wawili. Tulishuka shambani asubuhi umande ukiwa haujakauka. Kwa juu hapakuwa na neno. Tulipofika kule chini tukaanza kupima, na hapo tukatofautiana kweli kweli. Mimi nilikumbuka mpaka ukipinda kabla ya jiwe kubwa, kaka akakumbuka umepinda baada ya jiwe. Safari hii sikuwa nadanganya, na sidhani kama yeye alikuwa anadanganya. Sauti zilianza kupanda. Mzee mmoja akaanza kusema mmoja wetu lazima atakuwa amesahau kwa makusudi.

Nikawaambia, "Ngoja. Konge la mwisho ambalo wote wawili tunakubali liko wapi?"

Tukapanda tena mteremko, tukalitafuta. Lilikuwa kisiki tu, limezungukwa na magugu. Tukasimama pale, tukaanza upya kutoka hapo, hatua kwa hatua, hadi kijitoni. Tulikotokea si pale nilipokuwa nasema mimi wala pale alipokuwa anasema yeye. Kaka alitazama chini kwa muda, akachukua kigingi akakipigilia. Nguzo nimezing'oa zote za upande wa chini, na fundi ameshaweka mpya.

Kuhusu nepia tumekubaliana nimpe mtamba mmoja. Si yule niliyemchagua mimi. Amemchagua yeye, na ana jicho zuri, maana ndiye niliyekuwa namtegemea kwa maziwa ya mwakani. Kama kaka amenisamehe sijui. Hajatamka. Nilipoaga aliniuliza kama nimekula, nikasema bado, akamwita mkewe alete ugali. Tulikula tukizungumzia mvua.

Wale ndugu wawili wa ploti niliwaita, nikawaeleza haya yote kabla ya kusikiliza kesi yao, na nikawaambia wana uhuru wa kutafuta msuluhishi mwingine. Wamesema wanafikiria. Nawaheshimu kwa hilo.

Mtamba anahamia kwa kaka Jumamosi hii. Gari nimekodi. Niombeeni nisiseme neno la kijinga wakati wa kumshusha. Na vijana wetu: yule mtoto wa Birmingham alinipa visahani viwili nikiondoka, vimekaa kabatini tangu wakati huo. Jumapili baada ya ibada ya pili njoni uwanja wa nyuma ya kanisa, saba kwa saba. Kanuni nimeziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi. Shemasi wa vijana ameniuliza nani atakuwa refa, nikamwambia tutazungumza hapo uwanjani.